Eti Tabora Jazz siyo jazz? Sogea hapa nikwambie

Mie niko fiti, niko hapa hapa Isevya, nimekula ugali wangu na nsansa, nimeshiba, sasa naweza kubishana na mtu yeyote.

Na kubishana ndiyo kazi ya leo. Kuna maneno yanazunguka vijiweni kwetu, yanaletwa na washkaji waliokwenda kusoma Dar wakarudi na hedifoni kubwa shingoni. Wanasema sisi watu wa Tabora tulidanganywa. Kwamba Tabora Jazz haikuwa jazz, Nyanyembe Jazz haikuwa jazz, na hata Western Jazz waliokuwa Dar nao hawakuwa jazz. Jazz, wanasema, ni watu wenye suti, sax, piano na lile besi kubwa linalosimama kama mtu. Magita matatu na tumba? Hiyo ni rumba bwana, msijipe ukubwa.

Ukisikia hivyo unaweza kupandwa na hasira. Mimi sikupandwa na hasira, nilipandwa na hamu. Nikaingiza bando, nikavuta hizo albamu za jazz zinazosifiwa dunia nzima, nikazisikiliza usiku baada ya usiku wakati wenzangu wanaangalia mpira. Leo nawaletea niliyoyakuta. Na nawaambia mapema, mwisho wa habari hii siyo muziki tu. Kuna haki za wazee wetu ndani yake.

JINA LILITOKA WAPI?

Tuanze na jina. Zamani za ukoloni, mtu akisema "jazz" alikuwa anasema muziki wa kisasa wa kucheza wawili wawili, unaopigwa kwa vyombo vya Kizungu. Hakuwa na maana ya ndani zaidi ya hiyo. Dar es Salaam Jazz walikuwepo tangu miaka ya 1930. Halafu zikaingia zile santuri za Cuba zilizoandikwa herufi GV. Vijana wa mjini wakadata. Huko Morogoro Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba. Hapa Tabora tukawa na Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, ambayo wazee wakiitaja wanafumba macho kidogo.

Sasa angalia ramani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, njia ilikuwa ile ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji, na katikati yake ni hapa kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na mizigo kichwani na nyimbo mdomoni. Kwa hiyo mji huu haujawahi kuusubiri muziki uletwe, muziki umekuwa ukipita mlangoni. Ng'ambo ya ziwa huko Kongo, Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz wakafuata mwaka 1956. Nao walikuwa wanapiga rumba, na nao walijiita Jazz. Mbona wao hakuna anayewasumbua?

Baada ya hapo ndipo tukawa na Tabora Jazz, wana Segere Matata. Tukawa na Nyanyembe Jazz wenye "Rangi ya Chungwa", wimbo ambao mpaka leo ukipigwa Nairobi watu wazima wanasimama. Na kule Dar, mwaka 1959, Iddi Nhende, mtu wa huku kwetu Magharibi, akaanzisha Western Jazz na mtindo wao wa Saboso. Hilo jina "Western" wala halihusiani na mabuda wa sinema wenye farasi na bastola. Ni Jimbo la Magharibi, yaani sisi.

Halafu msisahau jina la pili tuliloazima, "orchestra". Orchestra Maquis, Orchestra Safari Sound, Mlimani Park Orchestra. Orkesta yenyewe ya Ulaya ni watu themanini, mia, wenye vinanda na fidla, wanasoma noti kwenye karatasi, mbele yao kasimama mtu na kijiti. Sisi tulikuwa watu kumi na mbili na tumba. Lakini nani aliyelalamika? Mtu akipata jina zuri analivaa, linamkaa au halimkai. La kwetu lilitukaa. (Na kama unataka kuona Waafrika wenzetu wakiipiga ile orkesta yenyewe ya noti, ipo Kinshasa, orkesta ya Wakimbanguisti iliyoanza mwaka 1994. Kuna filamu yao ya mwaka 2010 inaitwa Kinshasa Symphony. Itafute.)

WAO NAO WALITUAZIMA

Sasa sikia kitu ambacho hao washkaji wenye hedifoni hawakuwaambia. Wakati baba zetu wanaazima neno "jazz" kutoka Marekani, Wamarekani wenyewe walikuwa wanaazima majina ya kwetu.

Mwaka 1956 jamaa mmoja wa California, mpiga sax na filimbi, Buddy Collette, alitoa albamu. Unajua aliiita nini? Tanganyika. Miaka mitano kabla ya Uhuru wetu. Mwaka 1958 Wilbur Harden, mpiga tarumbeta, aliingia studio na John Coltrane, yule yule Coltrane anayeabuduwa na wapenzi wa jazz, wakarekodi ngoma inaitwa "Tanganyika Strut". Strut maana yake ni ule mwendo wa kujidai, mwendo wa mtu aliyevaa viatu vipya. Mwendo wa Tanganyika! Coltrane alifariki mwaka 1967 bila kukanyaga Afrika, lakini jina la nchi yako lilipita kwenye sax yake kabla hujazaliwa, kabla hata baba yako hajaanza darasa la kwanza.

Hiyo ni cha mtoto. Kuna albamu moja ilinifanya nikae kitako. Inaitwa Uhuru Afrika, ya mpiga piano Randy Weston. Ilirekodiwa New York, Novemba 1960, mwaka ule ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Wapigaji wamejaa studio nzima. Max Roach yupo, Clark Terry yupo, Freddie Hubbard yupo, Yusef Lateef yupo, na Babatunde Olatunji wa Nigeria kwenye ngoma. Aliyeupanga muziki wote, nani acheze nini na aingie lini, ni mwanamke, Melba Liston, mwenyewe fundi wa tromboni. Dada zangu mpo? Shairi limeandikwa na Langston Hughes.

Mimi nilikuwa nimejilaza, hedifoni masikioni, nimejiandaa kusikia Kiingereza. Ghafla naikuta sauti ya mwanamume anasema Kiswahili. Kiswahili cha kweli, siyo kile cha kubabaisha cha kwenye sinema. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Nikatafuta jina lake, nikalikuta limeandikwa kwenye jalada kama majina ya wengine wote. Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, aliyekuwa New York kwenye mambo ya Umoja wa Mataifa. Baadaye alirudi nyumbani na akawa mbunge. Weston alitaka lugha moja ya kuisemea Afrika nzima, na lugha aliyoichagua ni hii unayoisoma sasa hivi. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964. Ukiona muziki usio na matusi unapigwa marufuku, jua umesema kweli.

Halafu yupo Herbie Hancock. Mwaka 1971 alitoa albamu inaitwa Mwandishi. Yeye mwenyewe ndiye Mwandishi, na kikosi chake kizima kilikuwa na majina ya Kiswahili, waliyogawiwa na mwenzao Mtume, yule aliyekuja kupiga ngoma na Miles Davis. Kwenye besi ni Mchezaji, ndiye Buster Williams. Kwenye drams ni Jabali, ndiye Billy Hart. Mwile ni Bennie Maupin, na Pepo Mtoto ni Julian Priester. Kwenye tarumbeta ni Mganga, ambaye ni Eddie Henderson, na huyu kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari! Usicheke, mtu kapewa jina na kazi yake.

Kwa hiyo tukisema ukweli, pande zote mbili zilikuwa zinatazamana kwa hamu. Wao walitaka kuwa sisi, sisi tulitaka kuwa wao. Kila mmoja akachukua kwa mwenzake neno lililomvutia akaenda nalo kwake. Hakuna mwizi hapo. Ubishi wa kijiweni mimi nauona umekwisha.

LAKINI KUNA KITU WAO WANACHO SISI HATUNA

Nilipomaliza kusikiliza nilibaki na jambo moja linaniwasha. Siyo sauti. Ni majina.

Chukua albamu ya Miles Davis, Kind of Blue, ya mwaka 1959, ambayo wengi wanasema ndiyo baba lao. Ukiishika unajua kila kitu. Tarumbeta ni Miles mwenyewe. Sax ni John Coltrane na Cannonball Adderley. Piano ni Bill Evans, isipokuwa wimbo mmoja ambao kaupiga Wynton Kelly. Besi ni Paul Chambers. Drams ni Jimmy Cobb. Mpaka siku zao za kurekodi zinajulikana, 2 Machi na 22 Aprili. Yaani mtu aliyepiga piano kwenye wimbo mmoja tu, jina lake lipo na litakuwepo mpaka kiama.

Sasa nenda kwenye nyimbo za kwetu. Nilikuwa na ngoma tisa za bendi za Tabora kwenye simu, nimeingiziwa na kijana wa kibanda cha memori kadi pale sokoni. Simu yangu nimeiweka Kiswahili. Nikiufungua wimbo, simu inaniandikia hivi: "Msanii asiyejulikana". Wimbo wa pili, msanii asiyejulikana. Wa tatu, hivyo hivyo. Ngoma tisa, wasanii wasiojulikana tisa. Utadhani nyimbo zenyewe zimejipiga.

Kijana wa kibandani hana kosa, na yeye kazipata hivyo. Jambo lenyewe lina historia.

Bendi zetu hazikutoa albamu. Zilitoa santuri ndogo, zile za wimbo mmoja upande huu na wimbo mmoja upande ule. Upande mmoja unachukua dakika tatu, nne hivi, basi. Wimbo mrefu unakatwa, nusu ya kwanza upande A, nusu ya pili upande B. Ndiyo maana ngoma nyingi za zamani zinakatika ghafla pale gita la solo linapoanza kunoga! Unabaki mdomo wazi. Wakati huo wenzetu wana sahani kubwa yenye dakika ishirini na kitu kila upande. "So What" ya Miles peke yake ni zaidi ya dakika tisa. Mpigaji anapewa nafasi anasema yake mpaka anamaliza.

Na kile kikaratasi cha duara cha katikati ya santuri ndogo kina nafasi ya jina la wimbo, jina la bendi, na kama mna bahati jina la mtunzi. Jina la mpiga solo? La mpiga besi? La wa tumba? Sahau.

Tena Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Santuri zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Miaka yote hiyo tegemeo la bendi lilikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mnapanda treni, mnafika, mnaingia studio, mnapiga wote kwa pamoja, mkikosea mnaanza upya. Kanda inabaki redioni. Ninyi mnarudi nyumbani mkajisikie kwenye redio kama wasikilizaji wengine.

Nisieleweke vibaya. Bila zile kanda leo tusingekuwa na kitu. Redio ndiyo iliyotutunzia, na mrithi wake, TBC, ndiye mwenye hazina hiyo mpaka leo. Nasema tu kwamba kanda ilitunza sauti vizuri kuliko ilivyotunza watu.

MZEE NA HEDIFONI

Hapa mtaani kuna mzee mmoja. Jina lake sitaji kwa sababu hataki, na bendi yake sitaji kwa sababu ukiitaja utamjua. Alipiga gita la pili. Siyo solo, siyo ridhimu, lile la katikati linalokwenda kama mtu anayemsindikiza mgeni, hamwachi wala hamtangulii.

Nilimfuata Jumapili moja asubuhi. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniongezea mwangaluka, nikaitikia kwa shida kama kawaida yangu, akacheka. Nikamvalisha hedifoni. Nikampigia "So What".

Akanyamaza mwanzo mpaka mwisho. Dakika tisa mzee hajasema neno. Kisha akavua.

"Huyu wa besi ndiye anauliza," akasema. "Wale wenye tarumbeta wanamwitikia. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.

"Basi ndiyo ngoma hiyo. Mmoja anatoa, wengine wanapokea. Hata sisi ndivyo tulivyofanya, ila sisi tulikuwa na watu wa kuwachezesha. Hawa hawana haraka, hakuna mtu anayewadai jasho."

Nikampigia na wimbo wa bendi yake mwenyewe, kutoka kwenye zile ngoma tisa. Hapo ndipo nilipoona kitu. Mkono wa kushoto wa mzee ulianza kutembea hewani, vidole vinabonyeza nyuzi ambazo hazipo. Wimbo ulipofika sehemu fulani akanyanyua kidole.

"Hapa mpiga solo alikosea, mimi nikamfunika. Sikia. Sikia! Umeona nilivyomfunika?"

Nimeusikia wimbo huo tangu nikiwa mtoto, kwenye harusi, kwenye daladala, kwenye redio ya bi mkubwa. Sikuwahi kusikia kosa, na sikuwahi kusikia kufunikwa. Sasa siwezi tena kuusikiliza bila kusikia.

Nikamuuliza, "Babu, kwenye santuri jina lako liliandikwa?"

"Liandikwe wapi? Bendi ilikuwa na jina. Jina la bendi ndilo langu."

Nikamwonyesha simu. Akaisoma taratibu, miwani kwenye ncha ya pua. Msanii asiyejulikana. Akanirudishia.

"Anajulikana," akasema. "Anakaa Isevya."

Basi. Sina la kuongeza hapo.

UNAJUA JINA LINA FAIDA GANI?

Kuna msomaji atasema, ah, hizo ni hisia tu, mzee kashakula chumvi yake. Haya, tuje kwenye pesa maana najua hapo mtanisikiliza.

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki inamtambua na mtekelezaji, yaani yule aliyeimba na yule aliyepiga. Sasa mtu atadaije haki yake kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwepo? Atapeleka nini, vidole vyake? Na akishafariki, watoto watasema nini? "Baba alikuwa anatuambia kwamba yeye ndiye aliyepiga"? Maneno hayo hayajazi fomu.

Wakati huo huo nyimbo zenyewe zinazunguka dunia. Mwaka 1987 kampuni ya Original Music ya huko Marekani ilitoa mkusanyo unaitwa The Tanzania Sound, na mwaka 1995 ikatoa mwingine unaitwa Dada Kidawa. Kiko Kids wetu hawakusahauliwa kwenye mikusanyo hiyo. Mwaka 2007 Wafaransa wa Buda Musique nao wakatoa Zanzibara ya tatu, yote ni dansi ya kwetu ya miaka ya 1960. Watu wa Paris wanaisikiliza wakila chakula cha jioni. Ni jambo jema, tena la kujivunia. Lakini ukitaka kujua nani kapiga besi, hata wao wakati mwingine wanakwama kama simu yangu.

Wachache walibahatika majina yao kubaki. Salum Zahoro wa Kiko Kids alipanda tena jukwaani uzeeni na Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe iliyoundwa mwaka 1993, na mwaka 1995 wakatoa albamu yao Chela Chela. Shem Karenga, aliyezaliwa Kigoma akawa nguzo ya Tabora Jazz, anakumbukwa kwa "Muna". Alifariki Desemba 2014 na magazeti yakamwandika. Hao ni viongozi, waimbaji, watunzi. Je, yule wa tumba?

Linganisha na Afrika Kusini. Mwaka 1974 Abdullah Ibrahim alirekodi "Mannenberg" mjini Cape Town, zaidi ya dakika kumi na tatu. Mwenye wimbo ni mpiga piano. Lakini aliyepuliza sax, Basil Coetzee, aliupuliza vizuri mpaka watu wakambandika jina la wimbo, akawa Basil Manenberg Coetzee maisha yake yote. Mpigaji kapewa wimbo uwe jina lake! Kwetu mpigaji kampa wimbo jina lake likapotea humo ndani.

TANO ZA KUANZIA

Haya, najua mnapenda orodha. Kama hujawahi kusikiliza albamu ya jazz na unaogopa utalala usingizi, anza na hizi. Sikiliza usiku, zima televisheni, usichati.

1. Kind of Blue, Miles Davis, 1959. Ngoma tano tu. Anza na "So What", lisikilize besi kama alivyosema babu. Ukiwa umegombana na mpenzi, usiipige "Blue in Green", utampigia simu saa nane za usiku ujidhalilishe.

2. Uhuru Afrika, Randy Weston, 1960. Kwa ajili ya kile Kiswahili, na kwa ajili ya ngoma. Kipande cha mwisho kinaitwa "Kucheza Blues". Sijui kama tafsiri inahitajika.

3. Tanganyika Strut, Wilbur Harden na John Coltrane, 1958. Hii weka asubuhi ukiwa unapiga pasi shati. Utatembea tofauti.

4. Mwandishi, Herbie Hancock, 1971. Nakuonya, hii ngumu. Wimbo wa kwanza unakwenda kwa hesabu ya ajabu, mguu hautajua pa kukanyaga. Vumilia, ukiizoea huachi.

5. Chela Chela, Shikamoo Jazz, 1995. Baada ya kuzunguka Marekani rudi nyumbani. Sasa sikiliza kwa masikio mapya. Usifuate mwimbaji. Fuata gita moja tu mwanzo hadi mwisho, mara ya pili fuata jingine. Utagundua kwamba wazee walikuwa wanaongea muda wote, sisi tulikuwa tunacheza tu.

KAZI YA WIKI

Leo nawapa kazi, tena siyo ngumu. Kama una babu, mjomba au jirani aliyewahi kupiga bendi, iwe Tabora, Kigoma, Morogoro, Tanga, popote, mfuate wikiendi hii. Nenda na sukari kilo moja, usiende mikono mitupu. Mpigie nyimbo za bendi yake. Washa kinasa sauti cha simu kabla wimbo haujaanza, maana maneno matamu hutoka wimbo ukiwa unaendelea. Muulize mambo manne tu: nani alipiga nini, mwaka gani, wapi, na nani kati yao bado yupo. Akisema "huyu alikuwa fulani", andika hapo hapo jina lote, usiseme utakumbuka. Hutakumbuka.

Halafu fungua ule wimbo kwenye simu yako. Kuna sehemu ya kuhariri taarifa zake. Futa "Msanii asiyejulikana", andika majina. Mtu akikuomba wimbo, mrushie ukiwa na majina yake. Akimrushia mwingine yanakwenda nayo. Hatuhitaji mfadhili wala semina kwa jambo hili.

Mimi mpaka sasa nimeandika majina kumi na moja kwenye zile ngoma tisa. Matatu mzee ameyasahau, ameniambia nirudi Jumapili ya pili huenda yakamjia. Yapo mawili ambayo ameyakumbuka jina la utani tu, na nimeyaandika hivyo hivyo. Afadhali jina la utani kuliko asiyejulikana.

Wiki ijayo nahamia kwenye taarabu, na mwenye mzee wa fidla anitafute mapema. Mpaka hapo, kaeni chonjo, pendaneni, na mkimkuta mzee amefumba macho wimbo unapigwa, msimwamshe. Hajalala huyo, yuko kazini.